Dai la Usiku wa Kuamkia Ijumaa

1.

Wasafiri wa Shirika la Ndege la Mbayuwayu mnaosubiri safari ya jioni kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, mnatangaziwa kwamba safari hiyo imefutwa kutokana na hitilafu ya kiufundi. Mtasafirishwa kesho. Wasio na makazi hapa Mwanza wafike dirisha la huduma wapangiwe hoteli. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uta

2.

Tabata, Dar es Salaam, jioni hiyohiyo. Mwajabu Mkwizu, mwalimu wa kemia, alikuwa ameshaunga pweza kwa nazi na kufukiza udi chumbani simu ilipotikisika juu ya friji. Ujumbe ulitoka kwa mumewe, Hashil.

*Ndege imefutwa. Nitakuja kesho. Usinisubiri.*

Aliusoma mara moja. Hakuwa mtu wa kusoma jambo lililo wazi mara mbili. Alizima jiko, akaingia chumbani, akakimwagia maji chetezo.

Kikalia.

3.

Tusipotezane, wewe unayesoma. Hashil ana wake wawili. Mwajabu ndiye mkubwa, yuko Dar. Kibibi ndiye mdogo, yuko Mwanza, ambako Hashil hutengeneza majokofu ya viwanda vya samaki. Zamu ni wiki kwa wiki na hugeuka Alhamisi jua linapozama. Jua likizama Alhamisi, usiku unaoingia ni wa kuamkia Ijumaa, na safari hii ulikuwa wa Mwajabu.

Jua lilizama. Mume alikuwa Mwanza.

4.

Vitu vilivyowahi kurudi na Hashil kutoka Mwanza:

mashati yaliyokunjwa mikono kwa ndani (Mwajabu hukunja kwa nyuma)

kucha zilizokatwa, za miguu pia

sangara mkavu, "zawadi ya mdogo wako", ambaye Mwajabu humpa jirani kabla harufu haijaingia ndani

kicheko kipya, kinachoanzia puani

Hakuna hata kimoja kinachothibitisha lolote, na Mwajabu anajua. Mwalimu wa kemia hasemi kuna tindikali kwa kunusa tu.

Lakini ananusa.

5.

Ustadh Mkomwa, kwa simu, huku nyuma watoto wa madrasa wakisoma kwa sauti:

"Mwalimu, ukitaka hukumu nipe jambo zima. Alilala wapi?"

"Mwanza."

"Mwanza kubwa. Kama alilala kwa mwenzio, usiku wako umeliwa, na utalipwa usiku kutoka katika zamu yake yeye. Kama alikuwa njiani, peke yake, hilo ni la safari. Hapo hakuna anayemdai mwenziwe."

"Alilala kwake. Ana nyumba kule, angelala wapi?"

"Umeona?"

"Sijaona."

"Basi leta ushahidi, mama. Wivu una macho makali, lakini hauitwi mahakamani."

6.

Hashil alifika Ijumaa mchana.

"Pole na safari."

"Nimeshapoa."

Alikula pweza wa jana, akaswali, akalala. Mwajabu hakumuuliza kitu. Neno la mtuhumiwa halina uzito wa ushahidi, na neno la mume likishatoka halirudi. Ukilishuku mezani utalala nalo kitandani. Alilifungua begi. Mashati yalikuwa yamekunjwa mikono kwa ndani.

7.

DAI LA FIDIA KWA SAFARI ILIYOFUTWA

Mnunuzi wa tiketi: Mwajabu Mkwizu

Msafiri: Hashil Said Mbelwa

Uhusiano: Mke

Aina ya hasara: Usiku mmoja

Fidia inayoombwa: Usiku mmoja

Maelezo ya ziada: Naomba shirika lithibitishe kwa maandishi kwamba msafiri hakupangiwa hoteli. Sababu yake nitaitunza mwenyewe.

8.

Chumba cha walimu, wakati wa chai.

"Mwajabu, hivi unadai ndege au unadai mume?"

"Nadai haki."

"Haki ya kulala hiyo."

"Mwacheni mwenzenu. Mimi ningeshapanda basi zamani, nikaenda kumnyoa mtu nywele."

"Wewe basi likifika Dodoma ungeshashuka ununue zabibu, hasira zimekuisha."

"Na huko kwenye fomu umeandikaje? Thamani ya usiku?"

"Nimeandika usiku mmoja."

"Ah. Wangekulipa kwa bei ya Hashil ungerudishiwa chenji."

Mwajabu alicheka pamoja nao. Hakuna aliyeona kwamba kikombe chake hakijaguswa.

9.

Ndugu Mteja,

Dai lako limepokelewa na kuchambuliwa. Tunasikitika kukuarifu kwamba usiku haumo katika hasara zinazofidiwa. Shirika hufidia tiketi, chakula, malazi na usafiri wa kwenda kwenye malazi. Mambo ya faragha ya msafiri, yakiwemo yale ambayo angeyafanya endapo angefika kwa wakati, hayaingii katika wajibu wa mchukuzi.

Taarifa za malazi hutolewa kwa mnunuzi wa tiketi afikapo ofisini akiwa na kitambulisho.

Asante kwa kuruka na Mbayuwayu.

10.

Katika siku za kusubiri, Mwajabu aliuona usiku ule. Aliuona akisahihisha mitihani, akikosha vyombo, akiwa amesimama ubaoni na chaki mkononi. Kibibi anafungua mlango. Kibibi anasema umerudi, Mungu ana makusudi yake. Kibibi anateleka maji ya kuoga, anatia majani ya mchaichai, halafu anakaa ukingoni mwa kitanda na

halafu Hashil anavua viatu na

na kile kicheko, kile kinachoanzia puani,

11.

Ofisini kwa Mbayuwayu, kijana wa huduma aliitwa Erasto. Alikuwa na tai iliyobana na adabu iliyolegea kidogo.

"Mama, kwanza niseme tu, dai lako limezunguka ofisi nzima. Mfumo wetu hauna kitufe cha usiku."

"Sihitaji kitufe. Nahitaji jibu. Alipewa hoteli au hakupewa?"

Erasto akaangalia kitambulisho, akaangalia kioo cha kompyuta.

"Alipewa. Karibu na uwanja. Chumba cha mtu mmoja."

"Angalia tena. Ana nyumba Mwanza."

"Hapana, mama. Mwenye makazi mjini hatumpi chumba, tunampa teksi. Kila mtu aliulizwa dirishani. Yeye alisema hana makazi. Aliongeza na la pili, sijui kwa nini, hakuna aliyemuuliza. Wameliandika hivyohivyo."

"Soma."

"'Sina mtu Mwanza.'"

12.

Mimi ni wa mapokezi, katika hoteli hiyo. Nasema kwa sababu mkewe alishapiga simu kuuliza, na najua na wewe utauliza. Hakuja na mtu. Hakuna aliyemfuata. Alikula wali na maharage akamaliza, akaomba mto wa pili, akaomba asigongewe mpaka gari la uwanjani lifike. Tulipokwenda kumwita alikuwa bado amelala chali, mikono imeachwa huku na huku, kama mtu aliyeshushwa mzigo. Niliwahi kuona wanaume waliokimbilia hotelini kwa ajili ya mwanamke. Huyu alikuwa amekuja kulala.

13.

Sina mtu Mwanza.

Sina mtu Mwanza.

Mwajabu, asiyesoma jambo lililo wazi mara mbili, aliirudia sentensi hiyo njia nzima, mpaka Tabata. Aliimung'unya kama pipi. Kwa dai lake alikuwa ameshindwa: usiku wa safari haudaiwi, Ustadh alishasema. Hakujali. Mume alikuwa na mlango wa Kibibi umbali wa teksi moja ya bure, akaukana mbele ya watu.

Ameukana.

Kitu pekee kilichopungua katika furaha hiyo ni kwamba Kibibi alikuwa hajui.

14.

"Bi mkubwa," alisema Kibibi alipopokea simu. "Leo jua limetoka magharibi."

"Nina neno, mdogo wangu. Alhamisi ile ndege ilifutwa."

"Ipi? Mbona alinipigia akasema wanafunga mikanda?"

"Haikuruka. Alipewa hoteli hapo Mwanza. Na hiyo hupewi mpaka useme huna kwako. Akasema hana mtu."

Upande wa pili kitu kilikuwa kikikaangwa. Kiliendelea kukaangwa.

"Sema tena."

"Hana mtu Mwanza. Ndivyo alivyosema."

Mwajabu alingoja kilio. Alikuwa ameshakitengea nafasi, na hata maneno ya kukipoza. Hakikuja.

"Sawa," Kibibi akasema. "Mimi nimeshapokea langu. Sasa na mimi nikuulize la mwezi wa nne. Alikuwa anatoka kwako kuja kwangu, mvua ikanyesha huko, ndege ikafutwa. Akaniambia amekwama Dar, atakuja kesho. Mwenzio sikwenda kudai kwa mtu. Nililia, sikufichi. Nikasema usiku wangu kaula mwenye nyumba kubwa, na vinono atakuwa amempikia. Nimekaa nalo miezi yote hii. Hebu niambie tu, nipumue. Ulimpikia nini?"

Mwezi wa nne. Mvua ya masika. Mwajabu alikuwa amelifunga begi lile kwa mkono wake, akamsindikiza hadi kwenye gari na mwavuli. Jioni Hashil akapiga simu akasema

wanafunga mikanda.

Na yeye, usiku ule, alibadilisha shuka akajilalia katikati ya kitanda, akimwona Kibibi akifungua mlango.

"Bi mkubwa?"

"Nipo."

"Ulimpikia nini?"

15.



16.

Anavyovionea wivu Mwajabu kwa sasa:

mto wa pili

mtu wa mapokezi, aliyempa funguo bila kumuuliza lolote

usingizi wa chali

17.

Kwa mwanamke, wivu una njia. Unajua pa kuelekea, una jina la kulitaja, una nywele za kunyoa. Kibibi na Mwajabu walizungumza tena siku iliyofuata, na iliyofuata, na kila mmoja alikuwa akimtafuta mwanamke wa tatu katika maneno ya mwenziwe. Wangefarijika kumpata. Wangemchukia pamoja, kwa zamu.

"Labda yuko Dodoma."

"Ndege hazikufutwa Dodoma."

"Basi ana nini huyu mwanamume?"

"Ana sisi," alisema Mwajabu.

18.

"Mama, Erasto hapa, wa Mbayuwayu. Nafunga lile dai au linaendelea?"

"Nikikuuliza safari ya mwezi wa nne, kutoka Dar, utaniambia?"

"Tiketi ulinunua wewe?"

"Mimi."

"Basi haki yako. Subiri nifungue." Vidole juu ya vitufe. "Naam. Na hapa pia alipewa chumba. Nikusomee alivyojibu dirishani?"

19.

Alhamisi ya zamu. Safari hii ndege ilifika kwa wakati. Hakuna pweza, hakuna udi. Mwajabu alikuwa ametia komeo kwa ndani, akaketi sebuleni. Simu ilikuwa mezani, haijakatwa. Kibibi aliomba asiachwe nje ya jambo hili, na hakuwa na sababu ya kumkatalia.

Hatua barazani. Kitasa kikajaribiwa. Kikagoma.

"Hodi."

Kwa desturi, mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipojibiwa, hugeuza alikotoka bila kinyongo. Mwenye nyumba hafanyi hivyo. Mwenye nyumba hugonga, hufoka, huuliza nani kamfungia mlango wake. Mwajabu hakuwa na ugomvi wowote wa kuanzisha. Alitaka tu kujua ni yupi kati ya hao wawili aliyesimama nje, na hakukuwa na njia nyingine ya kulipima jambo hilo.

"Hodi," mara ya pili, kwa upole.

Kibibi alikuwa ameacha kupumua, ilisikika.

Mwajabu aliweka mikono mapajani. Akasikiliza.