Maziwa katika Jicho ya Zagabe

Miye sijui kungojea. Hata bugali kwangu inatoka motoni mbichi, mutaa yetu yote ya Nguba inajua. Bwana yangu Zagabe alinioa na kasoro hiyo, akazoea kuicheka.

Alirudi toka migodi ya Kamituga na jicho nyekundu: kipande ya jiwe ilimurukia akiponda mawe ya dhahabu. Dokta akaitoa, akatueleza vizuri. Ngozi ya juu ya jicho inajifunika yenyewe. Inatambaa toka pembeni mpaka katikati.

"Mutie matone haya tu, na mikono safi," alisema. "Ingine yote muiache ifanye kazi yake."

Kuiacha! Kesho yake jicho ilikuwa bado inatoa machozi, na roho yangu ikaanza kuwaka. Nikaingia kwa Merveille, muke ya mutoto wetu Cédric; alikuwa ananyonyesha. Kwetu tangu zamani, jicho ikiuma, dawa ni maziwa ya mama.

"Kamua mu kikombe hapa."

"Lakini maman, dokta alisema..."

"Dokta alinyonyesha nani? Kamua!"

Zagabe nikamudanganya eti ni dawa ya hospitali.

Jicho ikavimba. Katikati ikatokea doa nyeupe, na yeye analia kama mutoto. Tukarudi kwa dokta mbio, Merveille nyuma yetu.

Dokta akamumulika. "Mikrobi imeingia, kidonda inachimba chini. Mulitia kitu? Museme ukweli, nijue dawa gani itafaa. Tukikosea, jicho inaenda."

Zagabe akajibu kabla sijafungua kinywa: "Bibi yangu? Huyu ananawa mikono hata mbele ya kugusa kichupa. Hapana, dokta."

"Pengine ni miye..." Merveille akaanza.

Mungu wangu! Mutoto ya watu alitaka kunibebea kosa. Aibu ilinichoma.

"Ni miye," nikasema. "Nilitia maziwa yake. Yeye alikataa, nikamulazimisha."

Dokta hakunigombeza. Akabadilisha dawa, akasema jicho itapona, lakini na kovu: kwa upande ile Zagabe ataona ukungu maisha yake yote. Zagabe akanigeuzia mugongo. Ayi, afazali angenitukana!

Ku nyumba, saa ya matone ilipofika, nikanawa mikono na sabuni, nikasimama mbele yake. Akanitazama na jicho nzima.

"Acha, Maman Cédric," akasema polepole. Akamupa Merveille kichupa.