Hati ya Numa

Mara tatu Uranie alimuuliza mchumba wake, Numa Huguenin, hati yake ya talaka, na mara tatu akajibiwa kwamba inakuja. Ya Uranie mwenyewe ilikuwa mezani kwa msajili wa ndoa wa Le Locle tangu mwezi Februari. Mume wake wa kwanza, Perrenoud, alikuwa na mwanamke mwingine kwa miaka sita, naye Uranie amekaa tu kazini akichora tarakimu kwenye nyuso za saa, hana habari. Safari hii hakutaka kuchezewa.

Jumapili iliyotangulia ndoa, Numa alivaa koti lake zuri akapanda treni ya Saint-Imier bila kuaga. Lina, mtalaka wake, aliishi huko. Uranie akapanda treni iliyofuata.

Lina alimfungulia mlango, mikono imejaa unga.

"Numa? Hapa? Tangu jaji atutenganishe sijamtia machoni."

"Kwa hiyo mliachana kweli?"

"Mama wee, kama una shaka hiyo, unaolewa ya nini?"

Uranie aliondoka uso unamwaka. Stesheni akamkuta Numa ameketi kwenye benchi.

"Umetoka kwa Lina," Numa alisema.

"Na wewe umetoka wapi?"

"Kwa Perrenoud. Siku hizi anakaa hapa hapa. Nilitaka kujua ulimkosea nini."

"Akasemaje, mshenzi yule?"

"Kwamba ulikuwa unafungua barua zake."

"Nilifungua. Na yaliyokuwamo, alikwambia?"

Numa aliinamisha kichwa. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ilikuwa hati yake. Alikuwa nayo siku zote. Uranie akaisoma amesimama. Kosa ni la mume: alihama nyumba miezi saba.

"Kwa nani?"

"Kwa kaka yangu. Niligombana na Lina, nikatoka. Kila siku iliyopita, aibu ya kurudi ikazidi."

"Hakukuwa na mwanamke?"

"Hakukuwa."

Uranie hakujua kama amwamini. Walirudi kwenye behewa moja.

Alhamisi, msajili alipouliza, Numa aliitika upesi. Uranie alinyamaza hadi msajili akainua macho kwenye daftari, ndipo akasema, "Ndiyo."

Walihamia nyumba moja, lakini chumba chake cha zamani Uranie hakukirudisha kwa mwenye nyumba kwa mwaka mzima. Numa alijua, wala hakumuuliza.