Biskuti Zisizoonja Moto

Mchi uliposhuka juu ya mfuko wa biskuti, Chiriku alipiga ukelele wa ushindi uliowarusha njiwa dirishani.

“Zimekoma! Mama, zimekoma kuringa!”

“Zitwange, mwanangu, usizionee huruma. Vikibaki vipande vikubwa havitashikana.”

Mama yake, fundi cherehani asiyetetereka mbele ya kitambaa chochote, aligeukia kabati kuyaficha macho yake. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu uji uliotokota umwunguze mtoto mkono, na tangu siku hiyo Chiriku hakuwa amevuka kizingiti cha jikoni. Mama alijaribu kubembeleza, akajaribu pipi, akajaribu kunyamaza. Wapi! Ndipo mteja mmoja, huku akipimwa kiuno, alipomweleza kuhusu biskuti zisizookwa: unaponda biskuti za chai, unatia kakao, siagi na maziwa mazito ya kopo, unafinyanga, unaweka kwenye friji. Basi! Moto hauna kazi hapo. Fundi alisahau hata kuandika kipimo cha kiuno.

Na leo mtoto yumo jikoni! Amesimama juu ya kigoda, aproni imemfika vifundoni, mdomo hauna breki.

“Sasa siagi,” mama alisema, kisha moyo ukamshuka. Siagi ilikuwa ngumu kama jiwe. Kwa furaha ya asubuhi alisahau kuitoa kwenye friji. Aliibonyeza kwa mwiko, mwiko ukateleza.

“Haitaki,” Chiriku alisema.

“Itataka. Tutaingoja.”

“Mpaka nizeeke? Si uiyeyushe tu!”

Mama alilitazama jiko la gesi, kisha kovu laini kwenye mkono ule mdogo. Hakuna aliyejua kwamba tangu siku ile yeye mwenyewe alipika akiwa amesimama mbali, mkono ameunyoosha kama anayemlisha chui. Alikuwa akijiambia kwamba anaungoja woga wa mtoto uishe.

“Nilisema leo hakuna moto.”

“Ulisema wewe,” Chiriku alijibu, akishuka kigodani. “Mimi nilisema nataka biskuti. Nasimama hapa mlangoni. Haya, washa.”

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili iliwaka, ikazimika.

“Mama, mkono wako unacheza.”

Angeweza kusingizia kiberiti kibovu. “Naogopa kidogo, mwanangu.”

“Wewe?” Chiriku alitoa macho kana kwamba ameambiwa samaki wamepanda mti. “Na ukubwa wote huo?”

“Na ukubwa wote huu.”

Mtoto alilitafakari jambo hilo, mikono kiunoni, uso mzito kama wa hakimu. Kisha akatoa hukumu: “Basi washa kadogo. Kakiwa kadogo hatutakaogopa sana.”

Mama alicheka, kicheko kilichomtoka tumboni, na njiti ya tatu ikashika. Moto wa buluu ulikaa chini ya kikaango chenye siagi, mdogo kuliko ua. Siagi ikaanza kuteleza, ikitafuta kingo. Mama hakugeuka. Nyuma yake alisikia nyayo peku zikibanduka sakafuni: moja, mbili. Kimya. Kisha nyingine.

Vidole vikashika upindo wa gauni lake.

“Siagi inaimba,” sauti ilinong’ona karibu na kiuno chake. “Mama, usiuzime moto kwanza.”