Doti ya Mwanasiti

Ada ya Tongoni ilikuwa wazi: nguo za maiti ni za mwosha. Mzee Uweso aliijua, ila hakuwa tayari kumwona mwosha, Kijakazi, akipita kisimani na doti ya kanga za marehemu mkewe, Mwanasiti, zenye nakshi ya korosho. Arubaini ilipokwisha, Kijakazi akaja kudai haki yake.

"Zimeliwa na mchwa, shemeji," Uweso akamwambia.

"Mchwa wa nyumba hii wana adabu. Kofia yako hawakuigusa."

Tangu hapo Kijakazi akawa haishi kupita, mara kaja kuomba moto, mara chumvi, na macho kwenye sanduku la nguo.

Mwaka ule wa hamsini na tano wakubwa wa mjini walikuwa wamezua jambo: makopo, magunia, nguo kuukuu, vyote vipelekwe ofisini, akina mama wafundishwe kuvigeuza vitu vipya. Watu waliovaa viraka tangu kuzaliwa wafundishwe viraka!

Uweso akacheka, kisha akafikiri. Barua yake ya kuomba daktari amtazame Mwanasiti ilikuwa na miaka miwili ofisini. Mgonjwa kazikwa, barua bado yachunguzwa. Serikalini kikiingia kitu hakitoki, wala hakiguswi. Wapi pengine doti ingelala salama, Kijakazi asiione? Akaikunja, akaenda Tanga kwa miguu, akamkabidhi karani Ernesti.

"Wengine watuletea matambara, mzee. Hii kama mpya."

"Iwekeni vizuri."

"Ondoa shaka."

Wiki mbili zikapita, roho ikamtuma akaitazame. Mlangoni pa ofisi akakuta zulia jipya la kupangusia miguu, limesukwa kwa vitambaa vilivyochanwa vyembamba. Akaiona korosho moja, nusu yake. Kwa mara ya kwanza katika umri wake, serikali ilikuwa imefanya kazi haraka.

"Shikamoo, mzee," Ernesti akamwita toka mezani. "Umeiona kazi? Yako ndiyo iliyotangulia. Pangusa miguu, uingie."

"Naitaka doti yangu."

"Hayo malalamiko. Malalamiko huandikwa ndani."

Zulia lilijaza mlango, mwimo hadi mwimo. Uweso akavua viatu, akavishika mkononi. Hata hivyo mguu haukunyanyuka. Akazunguka dirishani akayasema yote, hata uongo aliomwambia Kijakazi. Ernesti akamsikiliza mpaka mwisho, kalamu imelala.

"Ya dirishani hayaandikwi, mzee."

Mlangoni walikuwa wamefika watu watatu na shida zao. Wakapangusa miguu kwa adabu, mmoja mmoja, wakaingia.