Kiti cha Mbele

Sahondra hakuogopa tauni. Alichoogopa ni kiti cha mbele.

Kiti hicho kilikuwa kwenye gari la abiria la mumewe Njaka, linalotoka Antsirabe kwenda kusini, na Sahondra mwenyewe ndiye aliyekishonea mto wa maua. Aliyeukalia ni Vololona, muuza mikate ya karanga wa mji wa Ambositra, tena bila nauli, na huku anacheka. Wivu ulimla Sahondra usiku na mchana.

Sasa muuguzi Ravaka alikuwa sebuleni, barakoa usoni. Abiria aliyekuwa akikohoa safari ya juzi, nyuma tu ya dereva, alikuwa amekufa kwa tauni ya mapafu. Waliokaa karibu naye wasipopata vidonge mapema wangemfuata, na kuusambaza ugonjwa kila mji waliposhukia. Njaka akawataja abiria wake mmoja mmoja.

"Na kiti cha mbele?" Ravaka akauliza.

"Kilikuwa kitupu."

Sahondra akamtazama. Kiti hicho hujaa kabla injini haijawashwa. Mumewe alikuwa radhi yule mwanamke afe kuliko kumtaja mbele ya mkewe. Na Sahondra, Mungu amsamehe, alifurahi. Anyamaze tu, na mto wake ubaki bila mtu.

Kisha akamkumbuka Vololona sokoni, watoto wamemzunguka, akiwamegea mikate kwa mkono. Furaha yote ikatumbukia nyongo.

"Alikaa Vololona," akasema. "Ambositra, nyuma ya soko, mlango wa kijani. Kitasa kibovu, gonga dirishani."

Njaka akababaika. "Umejuaje?"

"Usiniulize nimejuaje, Baba Tiana."

Ravaka akashukuru. Akaeleza kwamba waliokaa karibu na marehemu watalazwa wodi moja mpaka hatari ipite. Mke, kwa kuwa mumewe hajaanza kuugua, atameza vidonge vyake nyumbani.

Wodi moja. Damu ikamchemka Sahondra. Amemwokoa mwizi wake, na sasa amemtandikia kitanda kando ya mumewe!

Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kulazimisha. Ravaka akarudi nyuma hatua moja.

"Kimekuanza lini hicho, mama?"

"Sasa hivi," Sahondra akajibu, akichukua shali yake ukutani. "Na kitanda changu kiwe cha katikati."