Swali Lisilo na Mwenyewe

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si mkalimani. Lakini Isiolo nzima iliamua kwamba Kabale anajua Kiingereza, basi. Akija daktari mgeni, niitwe. Wakija watu wa visima, niitwe. Mwaka ule wa 1987 akaja profesa Mmarekani kutueleza serikali ya kwao inavyoendeshwa, nikaitwa tena, na usingizi wangu machoni. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, na wa kumgeuza nilikuwa mimi tu.

Nilimwomba Mungu kitu kimoja: nisiteleze ulimi mbele ya wakubwa nikahamishwa. Mwenzangu Warfa alikuwa ametupwa Merti, mbali nyikani, kwa sababu ya mzaha tu. Mama ningempandishaje lori la Merti? Na huko hospitali yake iko wapi?

Ukumbini, mkubwa wa serikali aliketi mbele. Alikuwa mtu wa kutoka Kenya, kama tulivyozoea kuwaita watu wa kusini, na Kiborana hakujua hata salamu. Kando yake alikaa Chifu Dima, Mborana mwenzetu.

Profesa alisema bunge, mahakama na rais huchungana ili asizidi mmoja. Hilo lilipita, maana kuchunga tunakujua. Kisha akasema rais anayekaribia kuondoka huitwa bata kiwete. Bata tumemwona wapi Isiolo? Nikamgeuza ngamia.

"Huyo ngamia anachechemea kwa nini?" akauliza Mzee Jaldesa kutoka safu ya wazee. "Ni mgonjwa?"

Nikampelekea profesa swali. Akacheka, akajibu kwamba si mgonjwa, ila muda wake unaisha. Rais wao akichaguliwa mara mbili, miaka minane imetosha, anampisha mwingine.

Niliposema miaka minane, wazee wakageukiana. Kwetu Waborana kiongozi wa gada, utawala wetu wa jadi, hukaa miaka minane, kisha hukabidhi, apende asipende.

"Kumbe hawa Wamarekani ni watu wetu," akasema Jaldesa. Akasimama na kuongeza jambo kwa Kiborana.

"Mzee anasema nini?" mkubwa akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini uongo nao unataka nguvu, na mimi nilikuwa nimechoka mpaka mifupani. Nikasema alichosema.

"Anauliza, wetu naye atapisha lini."

Mkubwa hakukasirika. Alimtazama Jaldesa polepole. "Mzee, umesema hivyo?"

"Mimi?" Jaldesa akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nauliza kama mgeni yetu amekula."

"Chifu?"

Chifu Dima akavua kofia, akaitazama ndani. "Ni hiyo tu, bwana. Chakula."

Niliwaangalia watu niliokua nao, wanawake niliowasomeshea watoto. Kila mmoja alikuwa ameona kitu sakafuni. Swali likabaki langu. Profesa akaniuliza ni neno gani linatusumbua. Nikamwambia tunataka kujua kama amekula. Akashukuru, akasema ameshiba.

"Mwalimu," mkubwa akaniambia tulipotoka, kwa upole kabisa, "watu wa Merti wanahitaji mtu anayejua lugha kama wewe."

Barua ya uhamisho haikuchelewa. Mama nilimwachia shangazi Racho, ambaye naye macho yake hayaoni vizuri.

Asubuhi ya safari Jaldesa alikuja mlangoni, salaam aleikum yake ikisikika kwa shida. Alisema atamletea mama maziwa kila siku mpaka nirudi.

"Una watoto wangapi, mzee?" nikamuuliza.

"Tisa."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa na kila haki, na lori lilikuwa likinisubiri. Nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza mama bila kumuumiza bega.