Mstari Alioufuta Mzee Luqman

Twaanza kwa jina la Mwenye kuyajua ya dhahiri na ya siri, ambaye kwake hukumu zote hurejea, naye hahitaji shahidi. Rehema na amani zimshukie Mtume aliyetufunza kusitiriana, pamoja na jamaa zake na kila aliyefuata nyayo zao. Ama baada ya hayo, haya ni masimulizi ya baba na binti yake katika mji wa Marlow Falls, jimboni Ohio, mwaka ule kiti cha hakimu wa mji kilipobaki wazi na wananchi wakaitwa kukipigia kura.

Wa kwanza kutajwa ni baba, kwa kuwa ndiye aliyekosea. Mzee Luqman Tolliver alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mkavu, na mikono yake ilikuwa na makovu ya chuma cha moto, maana alifanya kazi kiwandani kwa miaka thelathini na tisa. Alisilimu akiwa kijana, pamoja na mkewe Naimah, na msikiti wa Barabara ya Nane, ambao zamani ulikuwa duka la samani, aliupiga rangi kwa mikono yake mwenyewe. Wa pili ni binti, Safiyya, wakili, mwenye miaka arobaini na minane. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewatetea mahakamani watu wasioweza kulipa wakili. Kisha kwa miaka tisa akasikiliza mashauri ya wapangaji na wenye nyumba, kama msaidizi wa hakimu aliyestaafu. Wa tatu ni mshindani wake, Bwana Gordon Haverty, wakili pia, mtu mkunjufu, aliyewafundisha mpira nusu ya watoto wa mji. Wa nne ni Cleophus Baines, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, aliyechota chuma kiwandani pamoja na Luqman tangu ujana wao, na ambaye hapendi kufichwa jambo.

Siku ya Jumatano, juma moja kabla ya kura kuhesabiwa, Safiyya alimpa babake karatasi yenye wasifu wake aipeleke kwa mpiga chapa, zitolewe nakala elfu mbili. Mzee aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya duka. Sehemu ya kazi ilikuwa imejaa vizuri. Lakini chini yake, penye maneno "Utumishi kwa Jamii," palikuwa na mistari miwili tu: mjumbe wa bodi ya maktaba; mwalimu wa sheria kwa wapangaji, kila Jumanne. Ukutani, mbele ya macho yake, palibandikwa karatasi ya Haverty. Luqman alihesabu. Mistari kumi na mmoja! Timu ya mpira, chama cha wazima moto, gwaride la Krismasi, mpaka shindano la maboga.

Moyo wa mzee ukawaka. Aliijua Jumamosi ya binti yake, na Alhamisi yake, na simu zinazomtoa mezani chakula hakijapoa. Akamwambia mpiga chapa, "Ongeza mstari mmoja hapo." Akautamka polepole, na kijasho chembamba cha fahari kikimtoka: "Kwa miaka ishirini na miwili amewaosha na kuwavika sanda wanawake waliofariki katika mji huu, bila malipo."

Karatasi zilikuja Alhamisi alasiri. Safiyya alifungua boksi la kwanza kwenye meza ya jikoni, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Baba, huu mstari nani kauandika?"

"Mimi. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi kuna nini? Haverty kaandika maboga, mwanangu! Maboga! Na wewe unakaa kimya kama mtu aliyeiba."

"Baba, keti." Akamvutia kiti. "Mwanamke anaponikabidhi mama yake, ananiamini kwa mambo mawili: kwamba nitamsitiri, na kwamba nikishatoka mle chumbani, nimeyaacha mle mle. Sasa mtu huyo nimpelekee karatasi hii mlangoni kumwomba kura? Atasema, kumbe siku zote alikuwa anahesabu."

"Nani atasema hivyo? Watakushukuru."

"Mama aliosha miaka thelathini. Wewe ulilala naye nyumba moja. Alikutajia majina mangapi?"

Mzee alitazama mikono yake. Naimah hakuwahi kumtajia hata jina moja. Siku Naimah mwenyewe alipofariki, Safiyya ndiye aliyeingia chumbani na kumwosha, akatoka uso wake ukiwa umetulia, akasema tu, "Mama yuko tayari, Baba."

"Nitamwambia jamaa achape nyingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeshapiga simu. Kafunga duka, kaenda kuwinda kulungu na upinde wake. Anarudi Jumatano, na kura ni Jumanne."

"Bila karatasi, mwanangu, upande wa magharibi hawakujui kabisa. Watampigia wanayemjua."

"Basi nitashindwa, Baba. Karatasi hii haitoki."

Akasema hivyo bila ukali, akaenda kupasha supu. Hapo mzee akaona wazi alilolifanya: kwa kutaka kumpandisha binti yake kitini, alikuwa amemwondolea njia ya kukifikia.

Ijumaa, baada ya sala, waumini walishuka chumba cha chini kula samaki wa kukaanga na pai ya maharage. Luqman hakula. Alimweleza Imamu Dawud faraghani, na imamu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akamletea kalamu nene tatu za wino mweusi, zile za kuandikia maboksi. Wakaketi wao wawili na mzee mwingine wa msikiti, mlango umefungwa, wakaufuta mstari ule, karatasi moja baada ya nyingine, pasi na kuzungumza. Walipofika ya elfu mbili, alasiri ilikwisha pita na vidole vya Luqman vilikuwa vyeusi kama zamani za kiwandani. Safiyya alikuja, akainua karatasi moja kwenye taa, akaigeuza huku na huku. Hakuna herufi iliyoonekana.

"Hii inaweza kutoka," akasema. Akambusu babake kichwani.

Jumamosi asubuhi Cleophus alileta gari lake, akawa dereva. Majani makavu yalijaa barabarani, na pumzi za wazee zilitoka kama moshi. Hawakufika nyumba ya tatu kabla Cleophus hajaanza.

"Luqman, hapa mmefuta nini?"

"Kilichofutwa."

"Nimeiinua karatasi juani, sikuona kitu. Wino gani huu, lami?"

"Endesha gari, shemasi."

"Mimi nilibeba jeneza la mkeo, bwana wee! Leo unanificha mstari mmoja?"

"Nakuficha, ndiyo. Tazama mbele, utamgonga mbwa wa watu."

Lakini milangoni nako swali lilikuwa lile lile. Watu walipokea karatasi, macho yao yakaruka wasifu wote, yakatua penye weusi. "Hapa pana nini, mzee?" Naye akajibu kila mlango kwa neno moja: "Niliandika kitu kisicho haki yangu kukiandika. Nimekifuta. Yaliyobaki yote ni kweli, someni." Wengine walicheka, wengine wakakunja uso. Bwana mmoja mwenye kofia ya kijani akasema, "Kesi, siyo? Binti yako ana kesi." Mzee akashuka ngazi zile, akaenda mlango uliofuata.

Katika nyumba ya matofali iliyo pembeni mwa bustani, mlango ulifunguliwa na mwanamke wa Kibosnia, Bi Jasminka, aliyewahi kuja msikitini mara moja moja. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya mstari mweusi.

"Nakijua kilichokuwa hapa," akasema.

Luqman akazihamishia karatasi zilizobaki mkono wa pili.

"Mama yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwilini mwake palikuwa na jambo, mzee wangu, la tangu vitani. Hakuwahi kumwonyesha mtu, hata sisi wanawe. Nilipomkabidhi kwa binti yako, sikulala siku tatu. Nilijisemea, mji huu mdogo, litasikika tu." Akainua macho. "Wewe ulilisikia?"

"Sikusikia chochote, mwanangu. Hata kwamba alimwosha mama yako, ndiyo kwanza nalijua leo, na umeniambia wewe."

"Ndiyo hivyo. Halikusikika." Akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. "Mngeuacha wazi mstari huu, ningerudi kukosa usingizi. Mwambie simwambii asante. Yeye anajua kwa nini."

Luqman alirudi garini akakaa bila kufunga mkanda. Alikuwa amejivunia binti yake tangu siku aliyohitimu, kwa vyeti vyake, kwa sauti yake mahakamani. Haya aliyoyasikia sasa hayakuwa na cheti, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Yalimjaa kifuani tu, yakatulia.

"Unalia?" Cleophus akauliza.

"Baridi."

"Baridi gani ya jicho moja?"

Jumapili baada ya adhuhuri, maktaba ya mji ilijaa. Wagombea waliketi mbele, na msimamizi, Bi Marjorie wa maktaba, akasoma wasifu wa kila mmoja. Wa Haverty ulipigiwa makofi mpaka kwenye maboga. Wa Safiyya ulisikilizwa kwa adabu. Ndipo yule bwana wa kofia ya kijani akasimama na karatasi mkononi.

"Tunachagua hakimu. Hakimu gani anafuta mstari kwenye historia yake? Kuna nini hapa?"

Minong'ono ikaenea. Safiyya akasogeza kipaza sauti.

"Si kosa wala kesi. Rekodi yangu yote iko kwa karani wa mahakama, mlango uko wazi, nenda kaisome kesho. Kilichofutwa ni kazi niliyowafanyia watu ambao hawakunipa ruhusa ya kuwataja. Kwa hiyo siwataji."

"Hata kama itakupa kura?"

"Hasa kama itanipa kura."

Bwana yule hakuridhika. Akageuka, akamnyooshea kidole Luqman katika safu ya nyuma. "Mzee, wewe ndiye uliyekuwa ukizigawa. Umesema wewe ndiye uliyefuta. Basi tuambie wewe!"

Vichwa vyote viligeuka. Luqman akasimama. Sentensi ile ilikuwa ukingoni mwa ulimi, fupi, ya kweli. Aliwaona akina mama wa msikitini wakimtazama, na Bi Jasminka karibu na dirisha, ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Ingemtosha pumzi moja tu, na ukumbi mzima ungempigia binti yake makofi.

"Niliandika mimi," akasema, "na nikafuta mimi. Binti yangu hakuniomba kuandika, na alipouona alizuia karatasi zisitoke. Nilijisahau, nikataka kumpigia ngoma. Kama mnataka hakimu anayepigiwa ngoma na babake, binti yangu huyu hafai. Nimemaliza."

Akaketi. Watu wakacheka, kicheko chepesi kisicho na ubaya, lakini bwana wa kofia bado alikuwa wima. Hapo Haverty ndiye aliyeinuka.

"Keti, Walter," akasema. "Nimepambana na mama huyu mahakamani miaka kumi na mmoja. Mara nyingi amenishinda, na mke wangu ni shahidi wa jinsi nilivyorudi nyumbani nimenuna. Siri za wateja wake sikuwahi kuzisikia kwake, si koridoni, si kwenye kahawa, si kwa mzaha. Akisema si kosa, si kosa. Uliza swali jingine, na mimi pia uniulize, nimechoka kusifiwa kwa maboga."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na maswali yakahamia kwenye mambo ya kodi za nyumba na faini za magari. Safiyya aliyajibu moja moja, kwa utulivu ule ule. Luqman hakuyasikia mengi. Alikuwa akimtazama, mgongo wake ulionyooka, mikono yake iliyotulia juu ya meza, na alihisi kana kwamba amekabidhiwa kitu asichostahili.

Jumatano asubuhi hesabu zilitangazwa. Safiyya Tolliver alikuwa amepata kiti kwa kura mia moja na themanini na nane. Haverty alikuwa wa kwanza kumpigia simu. Msikitini watu walikumbatiana, pai zikakatwa kabla ya saa nne, na Cleophus, shemasi wa watu, akaingia amevaa tai, akamvuta Luqman kando.

"Sasa tumeshinda. Hakuna ubaya tena. Kile kilikuwa nini?"

"Hapana, Cleophus."

"Miaka hamsini, Luqman! Nimekuendesha mji mzima bure!"

"Ndiyo maana nakupa kipande kikubwa cha pai. Kula."

Cleophus akala, akinung'unika mdomo umejaa. Imamu Dawud akaomba watu wanyamaze, akamtaka baba wa hakimu aombe dua. Luqman alisimama kati yao, binti yake mkono wake wa kulia, akainua viganja vyake ambavyo wino bado ulikuwa haujatoka kwenye kucha, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Ewe Mola, Msitiri wa aibu zetu, uliyemweka huyu mahali pa kuhukumu, umpe sikio lisilochoka na ulimi usiotangulia haki. Warehemu waliotutangulia, wale tunaowajua na wale unaowajua Wewe peke yako. Na sisi tuliobaki, Waislamu na majirani zetu, aliyeshinda na aliyeshindwa, wenye kuulizwa na wenye kuuliza, utubariki katika mji huu, utukutanishe kwa wema, na siku zetu zitakapotimia utujaalie mikono yenye huruma na midomo yenye amana. Amina."